TinyURL na Bitly: Je, Kiungo Kifupi Huishusha Tovuti Kwenye Google?

Kwa miaka kadhaa nimetumia TinyURL na Bitly, huduma za kufupisha viungo virefu vya mtandao, kwa ajili ya tovuti ndogo ninayoitunza, ya duka la mikeka na vikapu vya ukili, na kila ninapokutana na wenzangu wa kazi hii huulizwa kama kufupisha viungo kunaishusha tovuti kwenye matokeo ya Google.

Anayebofya kiungo kifupi hupita kwanza kwenye seva ya mfupishaji, nayo humjibu kwa namba: 301 ikiwa ukurasa umehama moja kwa moja, 302 ikiwa umehama kwa muda tu. Nilifungua dirisha la amri, nikaandika curl -I, amri inayoonyesha jibu la seva, pamoja na kiungo changu cha Bitly, na mstari wa kwanza ukarudi na 301. Chini yake, mbele ya neno location, ilikuwepo anwani kamili ya ukurasa wa mikeka. TinyURL nayo ilijibu vivyo hivyo. Google huipokea 301 kama ishara kwamba ukurasa wa kuorodheshwa ni ule wa mwisho, na mwaka 2016 Gary Illyes wa kampuni hiyo alisema kwamba uelekezaji wa namba hizi haupotezi PageRank, yaani ule uzito ambao ukurasa huupata kwa kuelekezewa viungo na kurasa nyingine. Kwa hiyo hofu ya kushuka haina msingi, mradi mfupishaji uliyemchagua anatumia 301.

Kwa matumizi, TinyURL, iliyoanza mwaka 2002, ndiyo nyepesi zaidi, kwani haidai hata usajili. Bitly huhesabu mibofyo, na mtu akiongeza alama ya + mwishoni mwa kiungo huonyeshwa kinakokwenda, jambo linalowafaa wateja wa WhatsApp ambao, kwa sababu ya matapeli, huogopa kiungo kisichojieleza. Lakini kikomo chake cha viungo vya bure ni kidogo mno. Kwenye X sioni haja ya kufupisha chochote, kwa kuwa mtandao huo wenyewe hukivika kila kiungo anwani ya t.co na kukihesabu kuwa herufi 23, kiwe kirefu au kifupi.

Kasoro kubwa ni kwamba kiungo kifupi si mali yako. Niliwahi kutumia huduma nyingine ya bure, ambayo sitaitaja, ikafungwa bila taarifa. Vipeperushi tulivyokwisha kugawa vikawa havimfikishi mtu popote, na makala moja ya msafiri aliyetusifia, ambaye alinakili kiungo kifupi kutoka kwenye kipeperushi hichohicho, ikaacha kutuletea wageni na ule uzito nilioutaja. Hapo ndipo tovuti hushuka kweli. Hata Google yenyewe, iliyoanzisha mfupishaji wake goo.gl mwaka 2009, iliacha kutengeneza viungo vipya mwaka 2019, kisha mwaka 2024 ikatangaza kwamba vya zamani vingezimwa Agosti 2025, na wiki chache tu kabla ya siku hiyo ikabadili uamuzi na kuviacha vile vilivyokuwa bado vinatumika. Bitly nayo imejengwa juu ya kikoa cha .ly (yaani mwisho wa anwani bit.ly), ambacho ni cha Libya, na mwaka 2010 wasimamizi wa kikoa hicho walimnyang'anya mwenyewe anwani ya vb.ly kwa sababu ya maudhui yake.

Kwa hiyo Bitly ninaipa nyota tatu kati ya tano na TinyURL nne, kwa ujumbe wa siku chache tu, na kamwe si kwa viungo vya ndani ya tovuti wala vya kumpa mwandishi. Anayetaka mfupishaji wake mwenyewe anaweza kusimika YOURLS, programu ya bure, kwenye seva yake. Mimi sikufika huko: vipeperushi vya sasa vimechapwa jina la tovuti yetu, mkwaju (/) na neno mikeka, na kazi yote ya kumpeleka mtu kwenye ukurasa wenyewe ilikuwa mstari mmoja katika .htaccess, faili la maagizo kwa seva.