Kamusi za Kiingereza za mtumba Dodoma: zipime kwa neno "dunce"

Kamusi ya Kiingereza ya mtumba isinunuliwe kwa unene. Kwenye vibanda vya vitabu vilivyotumika hapa Dodoma utakuta aina mbili zimerundikwa pamoja: ya wanaojifunza lugha, yenye maana na sentensi za mfano tu, na ile inayoeleza pia neno limetoka wapi. Mwalimu wa Kiingereza au mwanafunzi wa isimu achukue ya pili. Kuitambua ni kazi ya dakika moja.

Fungua herufi D, tafuta "dunce". Ni tusi la zamani la darasani. Siku hizi wanafunzi wetu wangesema kilaza. Kamusi ya wanaojifunza itakupa maana hiyo na kuishia hapo. Kamusi nzuri itakutajia mtu: John Duns Scotus, mwanafalsafa wa Scotland na padri Mfransisko, aliyefundisha Oxford na Paris, akafariki Cologne mwaka 1308. Huyo alikuwa kichwa hasa, hata akapewa jina la heshima kwa ukali wa hoja zake. Karne ya 16, wafuasi wake walipoikataa elimu mpya ya wakati ule, wapinzani wao wakaligeuza jina lake kejeli: kwanza kwa mtu wa kubishania vijineno, baadaye kwa mjinga yeyote. Ndivyo Juha wa hadithi za Kiarabu alivyogeuka tusi kwetu, ila Juha alistahili. Scotus hakustahili, na Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenye heri mwaka 1993, tusi lilikuwa limeshazoeleka kwa karne nyingi. Kamusi inayoliacha hilo inamdhulumu.

Jaribio la pili ni "villain". Lazima uone Kilatini "villanus", mtu wa shambani, likipitia Kifaransa. Neno letu "mshamba" lilianza safari hiyohiyo, bali halikufika kwenye uhalifu.

Asili ya neno mara nyingi huwa ndani ya mabano ya mraba, kwa vifupisho: L ni Kilatini, OE ni Kiingereza cha kale, OF ni Kifaransa cha kale. Ufunguo wa vifupisho hivyo uko kurasa za mwanzo kabisa, na hizo ndizo huchanika jalada likilegea. Zikikosekana, omba bei ishuke au iache.

Mwisho angalia mgongo. Fungua katikati: ukiona uzi kwenye mkunjo, imeshonwa, na hata jalada likitoka fundi atalibandika upya. Ya gundi tupu, ikikaa juani gundi hukauka na kupasuka, kurasa zikaanza kuchomoka, hasa za A na Z kwa kuwa ziko pembeni. Kabla ya kulipa, tafuta "zoo".