Tikka T3x Lite ya .308: risasi ya kwanza ndiyo ninayoihesabu

Watu wakijua unamiliki bunduki ya kuwindia, swali la kwanza ni lile lile: inapiga mbali kiasi gani? Huwa sina jibu zuri. Kwa uwindaji wetu wa wakazi, wa miguu, leseni ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) mfukoni na askari wa wanyamapori pembeni, bunduki unaibeba tangu alfajiri na kuifyatua mara moja. Siku nyingine unarudi na risasi zako zote. Kwa hiyo ninachotaka kujua kuhusu bunduki ni mambo mawili tu: itakuwa imenichosha kiasi gani ikifika saa sita mchana, na ile risasi ya kwanza, mtutu ukiwa bado wa baridi, inakwenda wapi.

Yangu ni Tikka T3x Lite ya .308 Winchester, mtutu wa chuma kisichoshika kutu, tako la plastiki nyeusi. Inatengenezwa Ufini, mjini Riihimäki, kwenye kiwanda cha Sako. Bila darubini ina kama kilo 3, mtutu una sentimita 57, na magazini yake ya kuchomoa inabeba risasi 3. T3 ya kwanza ilitoka 2003. Hii ya T3x ilikuja 2016 ikiwa na mpira bora wa begani, na sponji ndani ya tako ili lisilie likigongana na tawi.

Mzee aliyenifundisha kuwinda ni mtu wa Magu, na yeye hatembei na kitu kingine zaidi ya Mauser ya zamani yenye mbao iliyong'aa kwa jasho la miaka. Siku nilipompelekea hii aiangalie aliigeuza, akaigonga kwa kidole, akaniuliza, "Kijana wangu, umenunua bunduki au kiti cha baa?" Nikamwambia, mzee, ishike kwanza. Akaishika, akailenga kwenye paa la nyumba ya jirani bila kitu ndani, akafungua bolti, kile chuma cha kukokia, na kuifunga mara kadhaa. Hakusema neno. Kwa anayemfahamu, hiyo ni sifa. Bolti ya Tikka inateleza kama imepakwa samli, na inahitaji kuinuliwa nyuzi 70 tu badala ya 90 za Mauser, hivyo kiganja hakigongi darubini unapokoki haraka.

Habari za kibali sitazirefusha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo, ofisi zipo, utaanzia serikali ya mtaa na kamati za usalama, utaacha alama za vidole, na utakuwa na kabati la chuma lenye kufuli kabla hujawa na cha kuweka ndani. Anayekuambia kuna njia ya mkato anakutafutia kesi. Bei nayo inapanda na kushuka na dola, kwa hiyo niliyolipa mimi haitakusaidia.

Sasa shabaha, maana hapo ndipo maneno yanapokuwa mengi. Kiwanda kinaahidi kwamba bunduki hii itaweka risasi tatu ndani ya inchi moja kwa yadi 100, yaani sentimita 2.5 kwa mita 91. Yangu inatimiza ahadi hiyo, nikiwa nimekaa mezani, mifuko ya mchanga mbele na nyuma, na nikitumia risasi inayoipenda. Neno la kuzingatia ni "tatu". Mtutu mwembamba unapata moto haraka kuliko mnene. Ukiendelea kupiga ya nne na ya tano bila kuusubiri, matundu kwenye karatasi huanza kutawanyika, na hilo utaliona kwenye bunduki nyepesi ya kampuni yoyote. Tena risasi tatu ni sampuli ndogo sana. Zinaweza kukaa pamoja kwa bahati njema tu, halafu mtu akapiga picha ya karatasi na kuitembeza kwenye simu mwaka mzima.

Mimi nina utaratibu mwingine. Kila ninapokwenda kwenye uwanja wa shabaha (kwa kibali, si kwenye mawe nyuma ya nyumba), naanza na karatasi ile ile ya mara iliyopita. Napiga risasi moja, mtutu ukiwa wa baridi. Naandika tarehe pembeni ya tundu, nakunja karatasi, naiweka kando. Baada ya hapo ndipo nafanya mazoezi mengine kwenye karatasi nyingine. Ile karatasi ya kwanza sasa ina matundu ya miezi tofauti, ya kiangazi na ya masika, asubuhi na jioni. Yote yangefunikwa na kiganja kilichokunja ngumi. Si picha ya kujivunia, lakini ndiyo hesabu ya kweli. Swala pala dume ana kilo 55 hadi 75 hivi, na sehemu ya moyo na mapafu ni pana kuliko ngumi yangu. Bunduki inatosha. Anayebaki kupimwa ni mpigaji.

Na hapo ndipo wepesi unapodai chake. Bunduki nzito hutulia yenyewe ukishaiegemeza. Nyepesi inafuata mapigo ya moyo wako na upepo, na ukivuta kifyatulio kwa pupa mdomo wa mtutu unahama kabla risasi haijatoka. Kifyatulio cha Tikka kinarekebishwa kati ya kilo 1 na kilo 2 hivi. Wengi hukimbilia kukishusha hadi chini kabisa. Mimi nimekiacha katikati, kwa sababu porini kidole kina jasho na moyo unadunda. Nikitumia vijiti vya kuegemea, mkono wa kushoto unaishika kwa nguvu sehemu ya mbele na kuivuta begani. Ukiiachia ielee kama wanavyofanya watu wa bunduki nzito za mezani, itaruka na shabaha itaruka nayo.

Kingine: usiegemeze mtutu wenyewe juu ya kijiti wala kwenye dirisha la gari. Mtutu umeachwa huru, haugusi tako popote mbele ya chemba, pale risasi inapokaa. Ukichukua noti ya elfu kumi ukaipitisha kati ya mtutu na plastiki, inatakiwa kuteleza hadi nyuma bila kukwama. Plastiki nyembamba hupinda kidogo ikibanwa, ikagusa mtutu, na risasi ikahamia upande mwingine. Nafanya jaribio la noti kila nikishaifungua kuisafisha, baada ya kukaza skrubu.

Teke lake lipo. Hesabu yake ni rahisi: kwa risasi ile ile, ukipunguza bunduki kutoka kilo 4 hadi kilo 3, nguvu inayokurudia begani inaongezeka kwa theluthi moja. Ukiwa umesimama porini hulisikii, akili iko kwa mnyama. Ukiwa umekaa mezani unalisikia vizuri, na baada ya kupiga nyingi mtu anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta, huku akilaumu darubini. Dawa yangu ni kupiga chache na kwenda nyumbani. Kuna wanaofunga kile kipande cha mdomoni chenye matundu ya kutolea gesi pembeni. Kweli kinapunguza teke, ila kelele inarudi kwa aliye pembeni yako, na kwetu aliye pembeni ni askari wa watu asiye na kitu masikioni. Sijafunga.

Malalamiko yangu makubwa hayaihusu bunduki yenyewe. Duka moja, ambalo sitalitaja, lilinifungia darubini kwa pete za bei ya chini na skrubu zilizokazwa kwa kukisia. Kwenye lami ya Shinyanga hadi Nzega hakukuwa na shida. Tulipoingia barabara za vumbi upande wa Tabora, gari lilitikisika siku nzima, na asubuhi nilipojaribu risasi moja kabla ya kuingia porini ilipita mbali kushoto mwa alama. Ningekuwa sikuijaribu, ningemjeruhi mnyama na kumfuatilia hadi usiku kwenye mbung'o. Nilipolalamika dukani niliambiwa bunduki nyepesi ndivyo zilivyo. Si kweli. Fundi mwingine alifuta mafuta yaliyokuwa kwenye nyuzi za skrubu, akaweka pete za chuma za ukubwa sahihi, akakaza kwa spana yenye kipimo, na tangu hapo haijahama. Bunduki nyepesi inatikisa darubini kwa nguvu zaidi kuliko nzito, kwa hiyo pete duni zinaumbuka mapema. Ukiwa na bajeti, toa kwenye darubini uongeze kwenye pete.

Darubini yenyewe nimeweka ndogo, ya kuongeza mara 2 hadi 7. Kupandisha bomba kubwa la nusu kilo na zaidi juu ya bunduki uliyoinunua kwa wepesi ni kujizunguka. Kila mlio wa kitufe cha kurekebisha unahamisha risasi kama milimita 7 kwa mita 100. Nimeiweka ipige sawasawa kwenye mita 100. Hapo kwa mita 200 risasi inashuka kama sentimita 10, jambo linalokumbukika. Kwa mita 300 inashuka karibu 40, na huko sipigi. Kuna jamaa alinieleza kwa kirefu kwamba sisi tuko juu, Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo jedwali la kwenye boksi la risasi halitufai. Ni kweli kwa fizikia. Kwa umbali tunaopiga sisi, tofauti hiyo haitoshi hata kuonekana kwenye karatasi.

Kuhusu risasi, .308 niliichagua kwa kuwa inapatikana bila kuagiza kwa miezi. Mifereji ya ndani ya mtutu wangu, ile inayoizungusha risasi, inafanya mzunguko mmoja kwa kila inchi 11, na umezipokea vizuri za greni 150 na 165 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Zile za 180 zinatawanyika zaidi kidogo na teke lake linaongezeka. Nanunua maboksi yenye namba ile ile ya uzalishaji kila ninapoweza, kwa sababu hata jina na uzito vikiwa vile vile, mzigo mpya unaweza kupiga sehemu tofauti. Na kwa wanaouliza: .308 si risasi ya SMG, ile bunduki ya aina ya AK-47. Zote huitwa 7.62, lakini ganda la ile lina milimita 39 na la hii 51. Haziingiliani.

Unyevu wa ziwa ndio uliofanya niachane na wazo la mbao. Mbao nzuri inapendeza, mzee wa Magu ana haki yake, lakini masika mbao hunywa maji, hutanuka na kusogelea mtutu, kiangazi inarudi. Plastiki haina habari hiyo. Chuma kisichoshika kutu nacho jina lake lisikudanganye: kinachelewa kushika kutu, na bolti na skrubu bado zinahitaji kufutwa. Nyumbani haikai kwenye mfuko wa turubai, maana mfuko unatunza unyevu. Inakaa wazi ndani ya kabati, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nikishasafisha napitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu, na siku ya safari nayatoa mafuta yote kwa kitambaa kikavu. Risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta huenda pengine kabisa, na kama nilivyosema, ya kwanza ndiyo ninayoitaka.

Kusafiri nayo kumekuwa rahisi kidogo. Zamani ukielekea Geita ulikaa foleni ya kivuko pale Kigongo na sanduku refu kwenye gari, kila mtu analitazama. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 unavuka hadi Busisi bila kushuka. Karatasi zote nazibeba halisi, si picha za simu, bolti imetolewa na risasi ziko sanduku lake.

Kama unawinda kwa kukaa sehemu moja, au unapenda kupiga karatasi mchana kutwa, usinunue nyepesi, utaichukia. Kwa anayetembea, kwa swala pala, ngiri, pongo na kongoni, mimi sijaona sababu ya kuibadilisha. Pofu dume anaweza kufika kilo 900, na kwa huyo nataka umbali mfupi, risasi nzito na subira. Nyati ni .375 kwenda juu, na huko wepesi siutaki hata kidogo: nikifikia hatua hiyo nitanunua ya kilo 4 na ushee, na nitaibeba huku nikilalamika njia nzima.