Amplifaya ya Zamani na Muziki wa Kidijitali: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mtu aliyerithi amplifaya ya Sansui, Pioneer au Technics ya miaka ya 1970 au 1980, pamoja na spika zake za mbao, mara nyingi hushauriwa aiuze kwa bei ya kutupa na anunue sabufa mpya yenye Bluetooth. Ushauri huo haufai. Amplifaya ya wakati ule, ikiwa nzima, hutoa sauti safi kuliko nyingi ya sabufa zinazopangwa madukani Arusha na Moshi zikiwa na maandishi ya maelfu ya wati za PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja inayokubalika na kisichomweleza mnunuzi kifaa kitastahimili nguvu kiasi gani kwa muda mrefu. Kinachokosekana katika mtambo wa zamani ni njia ya kupokea muziki uliomo kwenye simu, na njia hiyo haina gharama kubwa.

Hata hivyo, fedha za kwanza zimwendee fundi redio. Amplifaya iliyokaa kabatini miaka mingi huwa imejaa vumbi, na swichi zake pamoja na kitufe cha sauti hukwaruza kila vinapoguswa. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi humaliza tatizo hilo mara nyingi. Fundi akague pia kapasita, ambazo hukauka kadiri umri unavyokwenda, na sponji ya duara inayozunguka koni ya spika, kwa kuwa sponji hiyo huoza na kumomonyoka hata kama spika haikutumika. Jambo lisiloahirishwa ni umeme. Mtambo uliotengenezewa soko la ndani la Japani hutumia volti 100, na ule wa Marekani volti 120, ilhali umeme wetu ni volti 230. Baadhi ya mitambo ina swichi ya kuchagua volti mgongoni. Isiyo nayo inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Anayechomeka kwanza na kusoma maandishi baadaye ataunguza mtambo wake.

Baada ya hapo tazama matundu ya nyuma. Kifaa chochote cha kidijitali kiunganishwe kwenye AUX, TUNER au TAPE, ambayo kwa kazi hii hayana tofauti kubwa. Tundu la PHONO liachiwe gramafoni peke yake, kwa sababu limeundwa kupokea milivolti chache kutoka kwenye sindano na kuongeza besi iliyopunguzwa wakati santuri ilipokuwa inatengenezwa. Ukiliingizia mawimbi ya kifaa cha kisasa, yanayoweza kufika volti 2, utasikia muziki uliopasuka na besi iliyovimba. Mitambo ya Ulaya, kama vile Grundig na Philips, mara nyingi ina tundu la duara la DIN lenye pini tano, nayo huhitaji waya wa kugeuza kwenda RCA, yaani zile pini nyekundu na nyeupe.

Kwa nyumba nyingi za huku kwetu, nafasi ya kwanza naipa kipokezi cha Bluetooth chenye matundu yake ya RCA. Hakihitaji Wi-Fi, kila mwanafamilia anaweza kukitumia kwa simu yake, na muziki uliohifadhiwa kwenye simu hupigwa bila kugusa bando. Kwa kuwa simu na amplifaya haziunganishwi kwa waya, tatizo la mvumo nitakalolieleza hapa chini halijitokezi mara kwa mara. Usinunue kwa kutazama umbo. Soma kwenye boksi njia za kusafirisha sauti ambazo kifaa kinazikubali: SBC ipo katika kila kifaa, AAC inawafaa wenye iPhone, na wenye Android watafute aptX au LDAC. LDAC, iliyobuniwa na Sony na kuingizwa katika Android tangu toleo la 8 la mwaka 2017, hufikisha kilobiti 990 kwa sekunde, kiwango kinachowaridhisha hata wasikilizaji wagumu. FiiO BTA30 Pro na iFi ZEN Blue ni mifano mizuri, na ile ya FiiO ina tundu la optiki linalopokea pia sauti ya televisheni. Kasoro ya Bluetooth ni kwamba ujumbe ukiingia kwenye simu, mlio wake husikika sebule nzima, na hapo hakuna dawa isipokuwa kuzima milio.

Nafasi ya pili ni ya waya. Kigeuzi kidogo cha USB-C, kinachobadilisha muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya kawaida, pamoja na waya wa kutoka pini ya hedifoni kwenda RCA, ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa bei, na kwa usafi wa sauti inaweza kushinda vipokezi vingi vya Bluetooth vya bei ya chini. Kigeuzi cha Apple, kilichouzwa dola 9 Marekani, kinasifiwa kwa haki, ila kikichomekwa kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ndogo. Anayetumia kompyuta ya mkononi ikiwa kwenye chaji anaweza kusikia mvumo, kwa sababu kompyuta na amplifaya zinapitisha umeme mdogo kati yao kupitia waya wa ardhi. Jaribu kwanza kuchomoa chaji; mvumo ukikoma, umeshajua chanzo, na kitenganishi cha RCA chenye transfoma ndogo ndani kitaondoa shida.

Vichezeshi vya mtandao kama WiiM Pro nimeviweka nafasi ya tatu, ingawa kwa mtu wa Njiro (Arusha) au Shanty Town (Moshi) mwenye intaneti ya faiba visingezidiwa na chochote. Kichezeshi huvuta muziki chenyewe kutoka kwenye mtandao, simu ikibaki kuwa rimoti tu. Lakini hesabu inatisha kwa anayetegemea bando: muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban MB 144 kwa saa, kwa hiyo saa tatu kila jioni hufika GB 13 hivi kwa mwezi, na muziki wa ubora wa CD uliobanwa bila kupoteza kitu unaweza kuzidi mara mbili ya hapo. Anayeagiza nje akumbuke pia usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 18.

Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye bodi ya sauti ya HiFiBerry na programu ya kupiga muziki ya Volumio, ni ya wapenda kuchokonoa. Inafanya kazi vizuri sana, lakini umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika, na huku umeme hautoi taarifa.

Nafasi ya mwisho ni ile kadi ya bei chee yenye Bluetooth, USB na redio ya FM, ambayo mafundi wengi hupenda kuipachika ndani ya amplifaya kwa kukata uso wake wa mbele. Tundu lililokatwa halizibiki, na thamani ya mtambo huanguka papo hapo. Kadi hiyo ikilishwa umeme wa transfoma ya amplifaya bila kuchujwa vizuri, muziki hutanguliwa na miluzi na mikwaruzo. Kama umenunua mtambo ambao tayari umefanyiwa hivyo, mwombe fundi aitenge kadi na kuipa umeme wake wa volti 5 kutoka kwenye chaja tofauti. Mara nyingi kelele hupungua, na uso uliokatwa unaweza kufunikwa kwa kipande cha bati kilichopakwa rangi inayofanana.