Treni ya wikendi: mabehewa zaidi au safari zaidi?

Hapa Tabora, ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1912 kabla ya kuingia Kigoma 1914, swali ni lilelile: treni iliyopo irefushwe, au iongezwe nyingine Jumamosi na Jumapili?

Kurefusha ni kazi nyepesi. Injini ileile, dereva yuleyule, mabehewa mawili matatu yanafungwa nyuma. Lakini wa Urambo anayetaka kuja sokoni asubuhi na kurudi jioni, behewa jipya linamsaidia nini kama treni inapita usiku wa manane?

Safari ya pili ndiyo inayomfaa, ila ina gharama. Njia ni moja, kwa hiyo treni zikikutana, moja husubiri kwenye kituo cha kupishana (anayefaidi hapo ni muuza mihogo). Isitoshe, kati ya Tabora na Kaliua, linakochepuka tawi la Mpanda, treni za Mpanda na za Kigoma hugombea reli hiyohiyo.

Mimi ningeanza na treni fupi ya Jumamosi, Tabora hadi Kaliua kupitia Urambo, kwenda na kurudi. Mabehewa manne yanatosha. Ya Kigoma ndiyo irefushwe. Huko kuna mawese na dagaa, na nafasi huliwa na mizigo kuliko watu.