Maktaba ya leseni za muziki mtandaoni kwa msanii mchanga: nimeitumia, nyota tatu na nusu

Wakuu jina la hii huduma siliweki hapa, kwanza kuna mahali nitawasema vibaya na pili ziko nyingi zinafanana, ukisoma mikataba yao utadhani wamekopiana. Ni zile maktaba ambazo msanii unapakia nyimbo zako, mtu wa matangazo au wa filamu au wa gemu au hata kijana anayetengeneza video zake chumbani anakuja anasikiliza anakata leseni, mnagawana. Hawa wanagawa nusu kwa nusu ada ya leseni na huo ndo mgao uliozoeleka kwenye maktaba nyingi. Kujiunga bure, ila wanasikiliza kwanza kazi zako na kukataa wanakataa kweli, tena bila kukwambia kwanini.

Kilichonifanya niwape nyota za kutosha ni fomu yao ya kupakia. Inachosha, unaweza ukaitukana, lakini kila wanachouliza kina sababu. Kitu cha kwanza wanataka kujua utunzi ni wa nani na masta ni ya nani, maana wimbo mmoja una haki mbili, kuna melodi na maneno upande mmoja alafu kuna ile rekodi yenyewe upande wa pili, na mtu akitaka kuuweka chini ya picha anahitaji ruhusa zote mbili, ya sinki (kuunganisha wimbo na picha) kwa ajili ya utunzi na ya masta kwa ajili ya rekodi. Sasa hapa ndo msanii mdogo ana faida asiyoijua. Msanii mkubwa lebo yake iko huku, pablisha wake, yaani anayesimamia haki za utunzi, yuko kule, watunzi wanne kila mmoja na meneja wake, mtu wa tangazo anayetaka wimbo kesho asubuhi hawezi kuzunguka kote huko. Wewe uliyetunga ukaimba ukarekodi mwenyewe unasaini peke yako na biashara imeisha.

Lakini uwe kweli unamiliki. Biti uliyokodi mtandaoni sio yako hata kama ulilipia, soma leseni yake, nyingi zinakuruhusu kutoa wimbo tu na sio kuukatia watu wengine leseni. Prodyusa aliyekutengenezea bila maandishi naye ana chake, na yule mshkaji aliyekuja studio akatia kiitikio pia. Hawa jamaa wanataka karatasi ya mgawanyo iliyosainiwa na wote, asilimia zinazofika mia. Na sampuli ya wimbo wa mtu isiyo na kibali, hata iwe fupi kiasi gani, hawataki kuisikia.

Baada ya hapo faili. WAV ya biti 24, na wanapendelea kiloheziti 48 kwasababu ndo inayotumika kwenye video, sio ile 44.1 ya sidii. Wanataka wimbo mzima, ala tupu bila sauti, vipande vya sekunde 60, 30 na 15, na stemu zake yaani ngoma peke yake, besi peke yake, sauti peke yake. Wengi wanaishia hapa wanasema huu usumbufu. Ila fikiria mtu anayehariri tamthilia, muigizaji anaongea na wewe unaimba juu yake, atafanyaje? Atachukua ala tupu, au ataitoa ngoma mpaka maongezi yaishe alafu airudishe. Kama huna hizo faili anahamia kwa mwingine, hakupigii simu. Ndo maana ala tupu inapata kazi ambazo wimbo wenye maneno hauwezi kuzipata, na ukishamaliza miksi leo kuzitoa zote ni kazi ndogo kuliko kurudi kuitafuta projekti baada ya mwaka kompyuta imeshabadilishwa.

Metadeta yao, yaani taarifa zinazoambatana na wimbo, pia iko vizuri kwa sehemu, kuna nafasi ya ISRC ile alama ya kutambulisha rekodi yenye herufi na namba jumla 12, namba ya IPI inayomtambulisha mtunzi, tempo, hisia, mawasiliano. Ninapolalamika ni kwenye makundi ya mitindo. Roki wameigawa matawi mpaka yanachekesha, ila muziki wote ambao hautoki Marekani wala Ulaya wameusukumia kundi moja la muziki wa dunia, sasa anayetafuta kitu chako atakipataje? Suluhisho la muda ni kujaza vizuri yale maneno ya utafutaji, andika ala zilizopo, andika lugha, andika hisia anayoitafuta mteja na sio unayojisikia wewe.

Mkataba wao haukufungi, unaruhusiwa kuweka wimbo huohuo kwingine. Mimi kwa anayeanza ndo napenda hivyo kuliko ule wa kujifunga ambao maktaba inashika wimbo miaka kadhaa na inaweza isiuuze hata mara moja, japo ukweli usemwe, wasimamizi wa muziki wengine, wale wanaochagua nyimbo za filamu na matangazo, wanakwepa nyimbo zisizofungwa kwasababu hawataki kukuta wimbo mmoja maktaba tatu kwa bei tatu. Kipengele cha kuangalia kwa makini ni kile cha kubadili jina la wimbo. Wanausajili upya kwa jina lingine ili mirabaha inayotokana na jina hilo sehemu ya pablisha iende kwao. Sio wizi, kimeandikwa, ila uwe unajua wimbo wako unatembea na majina mangapi.

Halafu Content ID, hapa wamenikera. Huu ni mfumo wa YouTube wa tangu 2007 unaotambua sauti kwenye video. Kama msambazaji wako, yule anayekupelekea nyimbo mitandaoni, ameuingiza wimbo humo, mteja aliyelipia leseni kihalali anapakia video yake anakutana na dai la hakimiliki, anawaka, anadai hela yake. Kwa hiyo maktaba inataka wimbo utolewe kwenye mfumo au chaneli ya mteja iruhusiwe kila mara. Sawa kabisa, lakini kwanini hili linakuja kwenye imeili baada ya kukubaliwa wakati watu wameshasambaza nyimbo zao zamani? Liwekeni mlangoni jamani.

Hela sasa. Leseni ya video ndogo ya mtandaoni ni hela ndogo, usiache kazi. Tangazo la runinga ndo lina maana, na lenyewe linapitia kwa watu wao na sio kitufe cha kununua. Ripoti yao ya wateja wa kulipia kila mwezi ni namba moja tu imejumlishwa, huoni nani katumia nini. Na kuna hela ambayo haipiti kwao kabisa: wimbo ukirushwa kwenye runinga, kituo kinalipa chama cha kukusanya mirabaha, ASCAP au BMI kule Marekani, PRS Uingereza, SACEM Ufaransa, na chama ndo kinamlipa mtunzi. Kama hujajiandikisha kwenye chama hakuna wa kukutafuta. Inategemea pia ile orodha ya muziki uliotumika ambayo watayarishaji wanaijaza na kuipeleka, jina lako likikosewa humo hela inapotea njia. Hawa wanakujulisha leseni ikiwa ya runinga, vizuri, ila nakala ya orodha mpaka uiombe, na mimi naona uiombe kila mara. Na usikae unaangalia akaunti, mirabaha inafika miezi mingi baada ya kipindi kurushwa.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni ukurasa wa maombi ya wateja. Kwenye utafutaji wa kawaida msanii mpya anazama chini huko, haonekani, lakini kwenye maombi mteja anaandika anataka nini, muda mfupi, wakati mwingine siku moja tu, na anayejibu kwanza na faili zake zimekamilika ndo anasikilizwa. Kutuma ni bure. Kuna huduma zingine zinakutoza kila unapotuma wimbo, hizo mimi siziwezi, wanakula kwa matumaini ya watu.

Kutoka ni kwa notisi ya siku 90, wanauondoa wimbo sokoni lakini leseni zilizokwisha kukatwa zinaendelea kama zilivyo, kwa hiyo kama unaweka wimbo ambao una mpango wa kumpa mtu masta yake huko mbele, hilo mwambie kabla hajasaini.