Taa ya breki, asubuhi gari haishiki, na mzee wa mita hapa Nakuru

Sikuwa nataka kuandika hii kitu juu nikiiandika ndo foleni ya huyu mzee fundi wangu itaongezeka, lakini nimechomwa pesa sana na najua kuna mtu hapa Nakuru saa hii ako na shida kama yangu na ashaambiwa anunue betri.

Gari yangu ni ya mkono wa pili, sijui wa tatu, juu kabla yangu ilikuwa na mwalimu fulani wa Njoro na kabla yake ilikuwa Japani huko, injini ya 1500, automatiki. Ilianza na taa nyekundu ya breki, ile ya duara iko na alama ya mshangao ndani. Haikai. Nikisimama kwa foleni inawaka, nikikanyaga mafuta kidogo inazima, usiku ndo mbaya zaidi. Wiki mbili mbele ikaongeza madharau, asubuhi haishiki. Na mnajua baridi ya Nakuru saa kumi na moja, unapiga ufunguo stata inazunguka nyi… nyi… nyi… kama mtoto anaamshiwa shule, automatiki nayo haipushiwi, so ni kugongea jirani na waya za jampa mkononi na leso kichwani.

Fundi wa kwanza simtaji. Alifungua boneti akaona mafuta ya breki imeshuka kidogo, akajaza mpaka juu, akaniambia madam pedi zimeisha. 3,200. Zile zilitolewa nikaziona, bado zilikuwa na nyama. Nisimwonee lakini, kuangalia kopo ya mafuta ya breki si ujinga, juu pedi zikilika pistoni inasonga mbele na mafuta inaifuata, so kopo inashuka pole pole, na ikishuka sana kuna kiboya humo ndani ndo kinawasha hio taa. Shida yake ni alikisia akaishia hapo. Taa ilirudi jioni hio hio kabla nifike Free Area. Kumpigia simu ananiambia basi ni betri. 9,500! Betri ikanipa wiki mbili za amani alafu nyi… nyi… ikarudi. Nikanunua kale kamashine unachomeka chini ya stelingi kanaongea na simu, kakasema gari haina kosa lolote. Nilikuja kujua vile vya bei ya chini vinasoma mambo ya injini tu, ya breki mengi havioni kabisa.

Sasa mzee. Ako upande wa viwanda, gereji haina bango, ni mabati, mti wa jakaranda na kreti za soda za kukalia. Hakuniuliza gari ni ya mwaka gani. Aliniuliza, "Madam, hio taa ya breki ikiwaka, ya betri nayo inafanya nini?" Nikamwambia ya betri haijawahi waka. Akaomba leso yangu, akajifunika nayo pamoja na dashibodi yote kama mtu anajifukiza homa, alafu akatoka akaniambia ingia uone. Weh. Ya betri ilikuwa inawaka! Hafifu sana, kama kaa la moto linakufa, mchana huwezi iona hata uitolee macho. Akaniambia hizi gari nyingi za Mjapani, hizo taa mbili zikitembea pamoja unauliza alteneta kwanza, ile inachaji betri injini ikinguruma, ndo uulize breki.

Akatoa mita yake ya kupima umeme, imefungwa na raba ya tyubu. Gari ikiwa imezimwa, volti 12.1. Akasema betri imeshiba inafaa kuwa 12.6 hivi, na injini ikinguruma inafaa kupanda kati ya 13.8 na 14.4. Yangu ikinguruma ilisoma 12.0. Akaniambia niwashe taa kubwa, wipa na feni, ikateremka 11.7 na ile ya breki ikawaka kwa nguvu. Yaani gari ilikuwa inakula betri bila kurudisha kitu, ile ya 9,500 ilikuwa tu chakula kipya.

Alafu akafanya kitu sitasahau. Alichukua nyundo, akaigeuza, na mpini akagonga mgongo wa alteneta mara mbili, kwa heshima, vile unabisha kwa wakwe. Mita ikaruka 13.9. Nikafurahi. Akaniangalia tu akasema, "Usicheke, itarudi." Ikarudi, sijui hata kama dakika iliisha. Brashi, akasema. Alipoitoa na kuifungua, hizo kaboni mbili zilikuwa zimelika zikabaki kama ukucha wa mtoto, ndo maana zikitikiswa zinagusa na zikiachwa zinapoteza. Angeniuzia alteneta nzima na ningenunua, si nilikuwa nishazoea kutoa. Brashi 800, kazi 1,500.

Na hakuniachilia na hio tu. Alichomoa waya wa swichi ya handibreki kuikagua, akapapasa hozi za magurudumu yote, akapunguza mafuta ya breki na sindano juu yule wa kwanza alipitisha laini ya juu. Nilipomwambia huwa naenda Molo akanikemea, eti hio taa nisiizoee hata siku moja, "siku utakuwa unateremka Salgaa iwake ya ukweli na wewe unafikiria ni brashi." Nilinyamaza.

Mabaya yako. "Lisaa limoja" ya mzee ilianza saa tatu ikaisha saa kumi, juu kijana alitumwa tauni kutafuta brashi akarudi na saizi si yenyewe, akarudishwa tena. Risiti hakuna, pesa ni kutuma kwa namba yake. Kiti changu kikabaki na kiganja cha grisi, vidole vyote vitano. Choo usiulize.

Huu ni mwezi wa pili tangu aitengeneze, taa haijawaka na jirani analala. Jumamosi usiende, mzee ni Msabato, na Ijumaa anaanza kufunga vyombo mapema. Mimi nilienda Jumanne na bado nilikuta watu watatu kwa kreti.