Rallycross kwenye lami mbovu, rimu yangu ndo imelipa ada

Mi nimezoea autocross ya huku Marekani, mbio za gari za kushindana na saa, parking kubwa, lami safi, mnakimbia mmoja mmoja kati ya koni. Juzi nikaenda rallycross ya klabu moja, nayo mmoja mmoja kwa saa ila njia mbovu, kwenye lami iliyochoka, mashimo, kokoto, majani yametoka kwenye nyufa, yani shokapu zangu ngumu zikawa adui, gari linarukaruka tairi haishiki chini, mwenye kagari kazee ka springi laini akanishinda muda kwa mbali.

Autocross wanachukua raundi yako bora tu, rallycross wanajumlisha zote, ukigusa koni sekunde 2 za adhabu hizo unazo mpaka jioni, kwa hiyo kujilipua sahau. Waandaaji wachangamfu, ila shimo la kona ya pili lililokula rimu yangu wangeliwekea alama bwana. Nyota 4, narudi na tairi nene.